Bolti za Debe la Kutupa

Mwanza, Jumapili baada ya misa

Kaka Deogratias,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, siyo kwa sababu moyo wangu leo umetulia. Mama hajambo? Magoti yake bado yanamsumbua asubuhi? Wifi na watoto wanaendeleaje, na kahawa mmeshaanika au mvua bado inawachezea? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, kazini naenda. Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya.

Barua yako niliipata Jumatano moja, wiki kadhaa zilizopita. Aliniletea yule mpishi wa meli anayetubebea barua, akanikuta mlangoni pa karakana, nami niliifungua nikiwa nimesimama palepale kwa kudhani ni habari ya Mama. Kumbe ilikuwa barua ya Stanslaus, ila imeandikwa kwa mkono wako. Unaniambia nitie sahihi ile karatasi. Unasema ni jambo dogo la bolti, lisivunje urafiki wa watu wazima. Halafu unasema, na haya ni maneno yako mwenyewe, kwamba mwanamke hana cheo cha kupoteza, kwa hiyo kosa likikaa kwangu halitamwumiza mtu.

Kaka, nimeyasoma maneno hayo mara nyingi hata karatasi imechakaa mahali pa kukunjia. Wewe umesikia upande mmoja tu. Sasa kaa chini usikie wa pili, nami nitaueleza tangu mwanzo.

Sikatai kwamba ulinisaidia. Marehemu mume wangu alipofariki na ndugu zake wakachukua shamba, ni wewe uliyemwandikia Stanslaus, mwenzako wa seminari aliye meneja hapa, naye akanipa kazi ya kufagia hapa karakana ya mashua, ufukweni Nyegezi. Nilishukuru na bado nashukuru. Lakini tangu mwezi wa kwanza mlinifanya niamini kuwa shukrani maana yake ni kufunga mdomo.

Karakana yetu inatengeneza mashua za vijiji vya ujamaa vya visiwani. Vifaa hakuna. Bolti mpya tunaziagiza, karatasi inakwenda, karatasi inarudi, bolti hazionekani. Kwa hiyo tunang'oa za zamani: kutoka mashine chakavu za pamba, kutoka tishari lililozama miaka mingi, kutoka malori yaliyorudi kutoka vitani yakiwa hayawezi kutembea tena. Uani kuna chungu ya vyuma vyenye kutu kama kilima cha mchwa. Mimi nilipokuwa nafagia nilikuwa naokota bolti na nati zilizodondoka na kuzipanga kwa ukubwa wake kando ya ukuta, kwa sababu sipendi vitu ovyo. Fundi mkuu, Mzee Masanja, Msukuma wa Bujora, akaniona. Kesho yake aliniletea brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa, akasema kuanzia leo ufagio wako atashika mtu mwingine.

Mzee yule alinifundisha kazi kwa uvumilivu ambao sijauona kwa mwanamume mwingine. Bolti iliyoshikana na nati yake huilazimishi kufunguka kwa nguvu, utaikata. Unailoweka kwenye mafuta ya taa, unaiacha, unaigonga kidogo pembeni, unaiacha tena, mpaka yenyewe inakubali. Mafuta ya taa yalipoadimika nilikumbuka kwetu. Nikaenda kwa mama mmoja wa Kihaya anayepika rubisi, pombe yetu ya ndizi, hapa mjini, nikamwomba ile iliyochachuka isiyonyweka. Ukiloweka bolti humo usiku na mchana, kutu inalegea inatoka kama matope. Mzee alicheka sana, akasema Wahaya hata chuma mnakinywesha. Ila ukishaitoa unaisuuza kwa maji ya magadi, uchachu usiendelee kuila, kisha unaikausha saa ileile juu ya jiko la mkaa. Ukichelewa, inakupiga kutu nyingine mbele ya macho yako, nyekundu kama unga wa pilipili. Ikiwa bado moto, lakini haijawa nyekundu kwa moto, unaitumbukiza kwenye oili chafu ya injini. Inatoka nyeusi, inang'aa kwa mbali kama punje ya kahawa iliyokaangwa. Unapaka grisi kwenye meno, unaifunga kwenye karatasi yenye mafuta. Bolti ya namna hiyo ukiipeleka ziwani itakaa.

Lakini ziko ambazo hazisafishiki. Kutu ikishaila bolti kiunoni, unaweza kuisugua ikawa nzuri kama mpya, na bado ndani haina nguvu. Mzee alinifundisha kupitisha kidole pale chini ya kichwa, mahali inapoliwa zaidi. Ukisikia pamebonyea, basi. Hizo nilikuwa naziweka kwenye debe la kutupa. Na kwa kuwa niliogopa mtu asije akachanganya, kila moja niliikata alama ya msalaba kichwani kwa tupa. Hilo halikuwa agizo la mtu, nililianzisha mwenyewe.

Sasa ikaja boti ya wagonjwa. Kijiji kimoja kule visiwani hakina hospitali, na watu wake wamekuwa wakivusha wajawazito kwa mitumbwi ya kupiga kasia. Waliomba boti yenye injini, wakakata mbao wenyewe, wakazileta hapa. Kwa ajili ya kitako cha injini nilitengeneza bolti nane nene. Nilizichagua moja moja. Mzee Masanja alizipima zote kwa spana na kwa jicho, akasema hizi zitazidi umri wa injini yenyewe. Stanslaus akazichukua kuziweka kabatini ofisini kwake, kwa sababu vitu vinapotea.

Wiki ya kukabidhi boti, Mzee alishikwa na malaria kali akawa kitandani kwake. Wageni kutoka mkoani walikuwa wanakuja, siku haikuweza kusogezwa. Stanslaus akasema atafunga injini yeye mwenyewe pamoja na vibarua wawili. Nilikuja asubuhi nikaona debe la kutupa limepungua. Nalijua debe langu kama unavyojua mtungi wako wa maji. Nilimwuliza Stanslaus. Akasema amepeleka chakavu kwa wahunzi. Na boti ilipotolewa nje nikaona vichwa vya bolti za injini vimepakwa rangi ya fedha, vinametameta mbele ya wageni. Nikaudhika, nikidhani amepaka rangi bolti zangu nyeusi ambazo hazikuhitaji rangi. Sikufikiri zaidi. Au niseme kweli, Kaka: nilifikiri, halafu nikajizuia kufikiri. Nilisema moyoni, huyu ni mtu wa Kaka Deo. Wageni wakapiga makofi, nami nikapiga.

Rangi juu ya kutu ni uongo. Kutu haifi kwa kufunikwa, inaendelea kula humo ndani, na wewe huioni.

Mzee alipopona aliomba awe anakwenda na boti siku za mwanzo, aisikilize injini. Wiki ya tatu walivuka kisiwani kumchukua mama mmoja aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Anaitwa Veronika. Alikuwa na mama mkwe wake. Katikati ya ziwa upepo ukaamka, mawimbi yakawa yanainua boti na kuibwaga. Mzee alinisimulia haya akiwa kitandani hospitali, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa hesabu ya kosa lake, wakati kosa halikuwa lake. Alisikia mlio mmoja mkavu, halafu wa pili. Injini ikaruka kutoka kwenye kitako ikiwa bado inazunguka, shafti ikapinda na kuchana mbao za nyuma. Maji yakaingia. Alitia mkono ili afunge mafuta, injini ikamlalia mkono. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havipo tena. Mtumbwi wa watu waliokuwa wanabeba mchanga ndio uliowaokoa, ukawafikisha kwenye miamba ya ufukweni. Veronika alijifungulia pale juu ya jiwe, mama mkwe wake akimkinga upepo kwa kitenge. Mtoto wa kike. Hakulia.

Hilo ndilo jambo dogo la bolti, Kaka.

Siku ya nne Stanslaus aliniita ofisini. Alifunga mlango. Akaniwekea karatasi iliyokwisha chapwa, inasema kwamba mimi Adventina, mfanyakazi wa usafi, kwa kutokuwa na elimu nilichanganya bolti mbovu na nzuri. Alisema kwa upole kabisa:

"Tia sahihi, dada yangu. Wewe watakusamehe. Mimi wakinishika nina watoto wanasoma."

Nikamwuliza bolti zangu nane ziko wapi. Akasema ndizo hizo zilizokatika. Nikamwomba nizione. Akasema ziko kwa wakubwa. Nikamwambia nitafikiri. Nadhani usiku uleule ndipo alipokuandikia wewe.

Nilikwenda hospitali kwa Mzee nikamweleza. Akasema vipande vya zilizokatika aliviona sakafuni mwa boti, vilikuwa vimeliwa kiunoni. "Siyo zako," alisema. "Zako zipo, ila haziko ziwani." Basi nikaanza kuuliza. Dereva wetu, mtu mwoga mwenye familia, aliniambia kwa kunong'ona kuwa kabla ya sherehe alimpeleka Stanslaus Buswelu na mzigo mdogo mzito. Huko shemeji yake Stanslaus ana mashine ya kusaga nafaka. Mashine ya shemeji kwa jina. Kila mtu karakana anajua ni ya nani, na kila mtu anajua kiongozi haruhusiwi kuwa na mali ya namna hiyo, ndiyo maana ina jina la shemeji.

Jumamosi nilitia mahindi kwenye beseni, nikajitwika, nikaenda Buswelu kwa miguu kama mteja. Nilipanga foleni na wanawake wengine. Zamu yangu ilipofika nilisogea kumimina mahindi, nikainama. Nane. Nyeusi kama nilivyozitoa kwenye oili, zimekaza injini ya mashine kwenye sakafu, grisi yangu bado imeganda shingoni mwake. Msagishaji aliniona nakodoa akafikiri naisifia mashine. Akaniambia kwa fahari kwamba haitikisiki hata kidogo, imefungwa na mkubwa wa Nyegezi mwenyewe. Nikachukua unga wangu nikaondoka. Ule unga nilishindwa kuula. Nilimpa jirani.

Ni katika siku hizo hizo barua yako ikafika. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu wa nyumbani aniambie simama. Wewe ukaniambia lala chini.

Ijumaa ya wiki ile ukaitishwa mkutano wa wafanyakazi, katibu wa tawi la Chama akiwa mwenyekiti. Walikuja wazee kutoka kile kijiji, na Veronika alikuja nao, amekaa nyuma kabisa amejifunga khanga kifuani. Mzee Masanja alikuja na mkono umefungwa bandeji. Bolti zilizokatika zilikuwa mezani juu ya gazeti, na zile zilizobaki nzima pamoja nazo, maana mashua ilishavutwa ikatolewa majini. Stanslaus alieleza vizuri, unamjua anavyozungumza. Akamaliza kwa kusema dada huyu ni mtu wa kwetu, mjane, tusimwonee, atie sahihi tu yaishe.

Nilisimama. Mikono ilikuwa imara kwa sababu ilikuwa kwenye kazi yake. Nikaomba kitambaa, mafuta ya taa na kisu. Nikachukua bolti moja nikakwangua rangi ya fedha kichwani. Kwanza ikatoka kutu nyekundu. Nikafuta. Ukatokea msalaba. Nikachukua ya pili, msalaba. Nikamwekea katibu mbele yake, nikaeleza alama ile ni ya nini, na debe gani zilimokuwa.

Stanslaus akasema msalaba mtu yeyote anaweza kuukata hata jana. Nilikuwa nalitarajia neno hilo. Nikamwambia katibu achukue tupa akate mwenyewe msalaba kwenye bolti nyingine ya pale mezani. Akakata. Chuma kilichokatwa sasa hivi ni cheupe, kinang'aa. Msalaba wangu ulikuwa na kutu ndani yake, na juu ya kutu kulikuwa na rangi iliyokauka kwenye mfereji wa tupa. Katibu alizishika zote mbili akazipeleka karibu na dirisha, akaangalia kwa muda mrefu. Halafu akamwuliza Stanslaus rangi ile alipaka nani. Stanslaus akaanza kukusanya karatasi zake.

Nikasema na ya Buswelu. Sikuficha kitu. Watu waliguna.

Ndipo Veronika akainuka kule nyuma. Hakupaza sauti.

"Wewe uliyekata huo msalaba," aliniuliza, "siku debe lilipopungua, uliona?"

Kaka, ningeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angejua. Nilimjibu kwamba niliona, nikauliza, nikajibiwa, nikanyamaza.

"Basi hata wewe," alisema, akakaa.

Maneno matatu hayo yananiuma kuliko karatasi ya Stanslaus, na ninayastahili. Hasira niliyo nayo kwako kwanza ni hasira niliyo nayo kwangu, usifikiri nimejitoa. Lakini sehemu yako nayo ipo, na sitaibeba mimi.

Katibu akaniuliza kwa nini nilinyamaza, na kama kuna mtu aliyenilazimisha. Nikasema Stanslaus ni mtu wa kaka yangu, nikatoa barua yako mfukoni. Niliisoma yote mbele ya mkutano, tangu salamu mpaka jina lako. Sikuruka mstari. Nilipofika pale pa mwanamke hana cheo cha kupoteza, wazee wa kijiji walitazama chini, na mmoja alimtazama Veronika. Najua nimekuaibisha. Sikufanya kwa kukukomoa. Nimechoka kufunika.

Sasa nikueleze ilivyokuwa baadaye, usije ukasikia kwa mwingine. Bolti nane zilifunguliwa Buswelu, zikaletwa kwenye gunia. Mbao za nyuma zimebadilishwa. Injini niliifunga mimi kwa mikono yangu, Mzee Masanja akiwa amekaa juu ya ndoo akiniambia kaza hapa, legeza pale, na mkono wake wa kushoto ukijifunza kushika spana. Boti inavuka. Kabati la bolti lina kufuli, na ufunguo ninao mimi. Stanslaus hakufungwa. Amehamishwa, amepelekwa wilaya nyingine, na huko nasikia amepewa stoo kubwa kuliko hii. Nilipoambiwa nilitupa brashi ya waya ikagonga ukuta. Bado nina hasira hiyo, nami sitaki iishe haraka.

Unisikilize vizuri. Usiniandikie tena kwa niaba ya mtu yeyote. Ukitaka kuniambia neno, panda meli uje. Sitakufungia mlango, wewe ni kaka yangu na chakula utakula. Ila kabla hujarudi tutavuka wote kwa boti ile mpaka kisiwani. Mimi tayari nimekwenda mara moja kumpa Veronika pole na kuomba msamaha. Aliniacha nisimame uani, kisha akaniletea kigoda. Hakusema amenisamehe, nami sikumdai. Nataka wewe nawe usimame uani pale umwambie kwa mdomo wako, akiwa anakutazama, kwamba lilikuwa jambo dogo la bolti. Ukiweza kulisema mbele yake, mimi nitaitia sahihi ile karatasi siku hiyohiyo.

Unisalimie wifi, mwambie kitambaa alichoniagiza hakipatikani madukani, nikikiona nitamnunulia. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na baba mdogo katekista, na watoto wote kwa majina yao. Jirani yetu anayetusaidia kupalilia migomba ya Mama naye umpe salamu, mwambie namkumbuka.

Mama umpe shikamoo yangu. Na barua hii umsomee yote. Najua humsomea salamu na habari za afya, halafu unasema imekwisha. Safari hii mpishi wa meli atafika nyumbani mwenyewe, nimemsimulia kila kitu, na nimemwomba amwulize Mama amesikia nini. Kama Mama hataulizia habari za mtoto wa Veronika, mpishi atakaa chini amsimulie mwenyewe.

Mdogo wako wa damu,
Adventina